Chupa ya Njaa

Chupa ya kwanza kutoa mapovu ilikuwa ile isiyopewa chakula.

Fundi wa maabara ndiye aliyeigundua, asubuhi, kabla hajaweka mkoba wake chini. Aliinama mbele ya beseni la maji ya uvuguvugu ambamo chupa zote zilipangwa, akatega sikio. Bo. Kimya. Bo. Akaufuata mpira wa gesi kwa kidole, kutoka kwenye kizibo hadi kwenye kihesabio, kuhakikisha haukuchanganywa na wa chupa ya jirani. Ulikuwa mahali pake.

"Dokta," alimwambia mkuu wa maabara alipoingia, "kuna mtu humu anakula kwa siri."

Dokta alicheka na kuning'iniza koti. Alikuwa mwanakemia, mama wa mtoto mmoja, na katika kazi yake hakuwahi kukutana na tatizo ambalo halikuishia kwenye kizibo kilicholegea.

Walikuwa wakipima ni taka zipi za sokoni zinazotoa gesi nyingi ya kupikia. Kila chupa ilitiwa tope lenye vijidudu hai, ambalo wao huliita mbegu, kisha ikapewa mlo wake: hii maganda ya ndizi, ile kabichi iliyooza, nyingine mabaki ya nanasi. Vijidudu hula, hutoa gesi, gesi hupita kwenye mpira na kuhesabiwa. Lakini tope lenyewe hutoa gesi kidogo hata lisipolishwa, na hiyo lazima ijulikane ili itolewe kwenye hesabu. Kwa hiyo chupa tatu hutiwa tope peke yake, bila mlo. Pale maabara ziliitwa chupa za njaa.

Mbegu ya safari hii ilitoka kwenye tangi la gesi lililochimbwa nyuma ya jiko la chuo cha bweni kilichofungwa zamani. Ilichaguliwa makusudi. Tangi hilo halikuwahi kulishwa tangu wanafunzi waondoke, na tope lenye njaa ndilo linalotakiwa, kwa sababu halina akiba tumboni ya kuharibu vipimo. Watafiti wengi hulishindisha tope na njaa kwa siku kadhaa kabla ya kazi. Hawa walifurahi kupata lililoshinda na njaa miaka.

Walipofungua mfuniko, tangi halikupumua nje kama matangi yote yanavyofanya. Lilivuta ndani. Kofia ilimtoka Fundi kichwani ikazama shimoni.

"Huyu ana njaa huyu," alisema Dokta siku hiyo, na wote wawili wakacheka hadi wakashika magoti.

Chupa zilizolishwa zilipewa namba. Za njaa zilipewa majina, kama ilivyokuwa kawaida yao, majina ya watu wanaojulikana kwa kutokula. Ya kwanza ilipewa jina la mlinzi wa getini, anayeishi kwa chai ya rangi. Ya pili ya karani wa ofisi, anayejikondesha ili aingie kwenye gauni lake la harusi. Kwa ya tatu Fundi alikwama.

"Mbona unahangaika?" Dokta alisema. "Bingwa ninaye nyumbani."

Alichukua kalamu mwenyewe akaandika Chiriku. Ndivyo alivyomwita binti yake, aliyekuwa na umri wa kuanza shule, tangu alipojifunza kusema na asinyamaze tena. Mtoto huyo aliongea kutwa na kula punje. Dokta aligonga kioo cha chupa kwa ukucha.

"Haya, wewe ndiye Chiriku. Jina nimekupa, njaa unayo. Tulia hapo."

Sasa chupa hiyo ndiyo iliyokuwa ikitoa mapovu.

Walibadilisha kizibo. Walibadilisha mpira. Walihamisha chupa hadi upande wa pili wa beseni, wakaipa kihesabio kingine. Gesi iliendelea. Mwisho wa juma ilikuwa imezipita chupa za kabichi na za nanasi, na Dokta alipofanya hesabu ya kutoa, majibu ya chupa zilizoshiba yalikuja chini ya sifuri.

"Maana yake nini?" Fundi aliuliza.

"Maana yake waliokula hawakula, na asiyekula kala. Maana yake tumekosea mahali."

"Mahali gani?"

"Ningejua ningekaa hapa nakutazama wewe?"

Nyumbani kulikuwa na habari njema. Mume wake alimpokea mlangoni akiwa na kijiko mkononi.

"Mama Chiriku, njoo uone maajabu."

Mtoto alikuwa mezani. Alikuwa amemaliza wali wake, akavuta sahani ya baba yake na sasa alikuwa akiisafisha hiyo. Wifi yake Dokta, aliyepitia kusalimia, alikuwa ameketi mkabala naye, mikono imekunjwa kifuani.

"Wifi, mmemnunulia tumbo jipya?" alisema. "Mimi nilikuja nikidhani nitakula. Nimekuta nzige kapita."

"Mwache mwanangu ale. Si ninyi mliokuwa mnaniambia simlishi, namlisha mahesabu?"

"Nilisema. Leo nameza maneno, maana ndicho kilichobaki cha kumeza."

Walicheka. Mtoto hakucheka. Hakuinua macho kwenye sahani wala hakusema neno, na Dokta alipombusu utosini alisikia harufu ya mayai viza. Alinusa mkono wa nguo yake mwenyewe. Harufu hiyo ilikuwa ya kazini, alidhani ameileta.

Kisha tumbo la mtoto lililia. Bo. Kimya. Bo.

"Kashiba," wifi alisema. "Tumbo linatoa shukrani."

Mtoto aliendelea kula siku zilizofuata. Alikula mkate wote wa asubuhi. Alikula chakula cha shuleni na cha mwenzake wa dawati. Na kadiri alivyokula ndivyo sketi ya shule ilivyohitaji kukunjwa zaidi kiunoni, mpaka mama yake akaanza kuibana kwa pini. Mifupa ya mabega ilitokeza. Mwalimu wake alipiga simu kuuliza kama mtoto ana huzuni, kwa sababu hakuwa akiongea tena.

Hospitali walimpima damu, wakampa dawa ya minyoo, wakampima damu tena. Daktari hakuona ugonjwa.

"Mpeni chakula," alisema.

"Anakula, daktari."

"Anakula kiasi gani?"

Mume alianza kuhesabu sahani kwa vidole.

Mchana wa siku ya pili baada ya kutoka hospitali, Dokta alikuwa mbele ya kompyuta ya maabara akitazama mistari ya gesi. Mstari wa chupa iliyolishwa hupanda kama kilima, haraka mwanzoni, taratibu baadaye. Mstari wa chupa ya Chiriku haukuwa kilima. Ulikuwa ngazi. Ulipanda, ukalala, ukapanda, ukalala. Mara tatu kila siku, asubuhi, mchana na jioni.

"Labda ni umeme," alisema Fundi. "Joto linapanda na kushuka."

"Umeme ungezigusa chupa zote."

Aliuvuta mstari nyuma hadi Jumamosi. Siku hiyo ngazi ya asubuhi ilichelewa. Jumamosi nyumbani kwake walikuwa wamelala hadi jua kali. Akavuta nyuma zaidi, na hapo alasiri, katikati ya ngazi mbili, akakuta kidaraja kidogo. Ilikuwa siku ambayo wifi alileta biskuti.

Dokta alichukua simu akampigia mume wake, aliyekuwa nyumbani na mtoto, na kwa mkono mwingine akamwonyesha Fundi aende asimame kwenye beseni.

"Chiriku yuko wapi?"

"Yuko hapa kitandani, amelala macho. Kuna nini?"

"Mpe kipande cha mkate."

"Ametoka kula sasa hivi, mama."

"Baba Chiriku, nakuomba. Mpe. Usikate simu."

Alisikia hatua za mume wake zikienda jikoni na kurudi, akasikia karatasi ya mkate, na akamwona Fundi, aliyekuwa ameinama juu ya chupa, akiinuka polepole na kurudi nyuma hadi mgongo wake ukagusa kabati.

Bo. Bo. Bo. Bo.

"Anatafuna?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Anatafuna."

"Mwambie aache."

"Aache?"

"Mtoe mkate mdomoni!"

Mapovu yalikoma. Ndani ya chumba ilibaki sauti ya mashine ya maji ya uvuguvugu na pumzi za Fundi, ambaye alikuwa akitikisa kichwa kama mtu anayekataa kitu alichopewa.

"Mpe tena," Dokta alisema.

Bo. Bo. Bo.

"Dokta, funga," Fundi alinong'ona. "Funga koki ya mpira, tafadhali, funga."

Naye aliifunga, kwa sababu ndilo jambo ambalo mkono wa mtu wa maabara hufanya bila kuulizwa, na kwa kitambo mapovu yakanyamaza na akadhani ameweza, mpaka simuni mume wake akaanza kusema kwamba tumbo la mtoto linapanda, mama, linapanda naliona, limekuwa gumu kama ngoma na mtoto amefungua mdomo analia na sauti haitoki, unafanya nini huko, chochote unachofanya acha, acha, acha. Akaifungua ile koki kwa mikono miwili, na gesi ikatoka kwenye mpira kwa mluzi mrefu uliojaza chumba harufu ya mayai viza, huku mume wake akirudia kwenye simu kwamba linashuka, linashuka, ahsante Mungu, linashuka.

Fundi alilifuta jina kwenye chupa kwa spiriti. Haikusaidia. Jioni, wakati wa chakula, ngazi ilipanda kama kawaida. Alifikiria kuichemsha chupa hadi kila kilichomo kife, na Dokta alimuuliza swali moja tu.

"Na kikifa, kitakufa peke yake?"

Wifi ndiye aliyewapeleka kwa mganga. Dokta alikwenda bila kubishana, na hilo lilimtisha wifi kuliko hali ya mtoto, kwa kuwa walikuwa wamebishana juu ya kila kitu tangu siku ya harusi.

Mganga alikuwa mwanamke wa makamo aliyeishi ghorofani, juu ya duka la vipuri vya baiskeli. Walimkuta akikunja nguo alizoanua. Hakuziacha. Dokta alieleza kuhusu tangi, tope, vijidudu na gesi.

"Mwanangu," mganga alimkatiza, "sikuulizi kina nini ndani. Nauliza kinaitwa nani."

Dokta alisema.

"Nani alikipa jina hilo?"

"Mimi. Ilikuwa utani, Bibi. Tuliwapa wote watatu. Mlinzi, karani, wote. Hao wengine hawana shida yoyote."

"Hao wengine uliwazaa?"

Dokta alitazama nguo zilizokunjwa.

"Jina la utani likitoka kwa rafiki ni upepo," mganga alisema. "Likitoka kwa mzazi ni jina. Wewe una jina moja umelitoa mara mbili. Sasa una watoto wawili wanaoitika pamoja. Mmoja ana mdomo, mwingine ana njaa. Ulitegemea nini?"

"Basi nilichukue. Nimnyang'anye."

"Thubutu. Huyo kakaa shimoni hata sauti ya mtu haisikii. Jina hilo ndilo kitu cha kwanza alichopewa." Alikunja shati, akaliweka juu ya jingine. "Mvue binti jina hilo. Asiitwe hivyo tena, na akiitwa asiitike. Huyo mwingine mrudishe kwao, umlishe kwa mkono wako, ukimwita kwa jina lake, ili asitafute mdomo mwingine."

"Mpaka lini?"

"Watoto wako unawalisha mpaka lini?"

Waliirudisha chupa alasiri ya siku iliyofuata. Ilikuwa chupa ya lita moja, na tope ndani yake halikufika hata nusu, lakini Fundi alishindwa kuinyanyua kwa mkono mmoja. Aliikumbatia kifuani, akatembea nayo kutoka garini hadi nyuma ya jiko la chuo kama mtu aliyebeba mtoto mkubwa aliyelala. Majani yalikuwa yameota kwenye nyufa za sakafu. Hakukuwa na ndege.

Dokta alivuta mfuniko. Hewa ilipita masikioni mwake kuelekea chini. Walimwaga tope, kisha akainamisha sufuria ya wali aliyokuja nayo kutoka nyumbani.

"Chiriku," alisema. "Kula."

Mume wake alimsimulia baadaye. Alikuwa amekaa na mtoto sebuleni, mlango umefungwa, kama alivyoelekezwa. Wakati fulani mtoto aliinua kichwa ghafla, akageukia dirishani, na baba aliona midomo yake ikifunguka kuitika, na hapo akamziba mdomo kwa kiganja na kumshikilia, akihisi pumzi ya moto ikigonga mkono wake na mwili ule mdogo ukijinyonga kwa nguvu ambazo mtoto mwenye afya hana, akawa anamwambia sikioni si wewe, mama yangu, si wewe anayeitwa, kaa kimya, si wewe, mpaka hakujua ni muda gani umepita. Kisha mwili ukalegea.

"Baba," mtoto alisema kutoka chini ya kiganja, "unanibana."

Aliongea mpaka akalala. Aliongea usingizini. Kesho yake aligusa uji akasema ni wa moto, akaugusa tena akasema umepoa sana, akauacha. Mama yake aliegemea ukuta wa jikoni akalia. Kuanzia siku hiyo nyumba nzima ilimwita kwa jina la cheti, na wifi, aliyeteleza mara moja, alijipiga kofi la mdomo mbele ya wageni.

Dokta alianza kupitia tangini kila asubuhi kabla ya kazi, na ndoo ya mabaki ya sokoni. Alimwaga, akaita, akaondoka. Tangi lililoachwa lilianza kutoa gesi. Wakubwa wa taasisi walikuja kuangalia, wakaunganisha jiko, na moto ukawaka wa buluu, bila moshi, bila masizi. Walimpongeza kwa mavuno ambayo hesabu zao hazikuweza kuyaeleza. Fundi alijitolea kumsaidia zamu za ndoo. Alimkatalia.

"Hakujui wewe," alisema.

Kulikuwa na asubuhi moja, wakati wa mvua. Alikuwa amemaliza, amefunika, anaosha mikono bombani, aliposikia sauti chini ya mfuniko. Ilikuwa sauti ya mtoto wa kike, nyepesi, ya haraka, ya mtu ambaye alikuwa na mengi ya kusema na amesubiri.

"Mama."

Dokta hakuitika. Maji yaliendelea kutiririka mikononi mwake.

"Mama, huyo mdogo wangu tutamwita nani?"

Alitazama nyuma yake. Hakukuwa na mtu uani. Alifunga bomba, akatembea hadi garini, akaendesha hadi hospitali akiwa bado na mabuti ya tope. Muuguzi alirudi na majibu ya kipimo cha mimba, akampongeza.

Mtoto alizaliwa salama, wa kiume, mwenye uzito mzuri. Sasa amejifunza kukaa peke yake. Baba yake humwita "bwana mdogo". Dada yake, ambaye huongea kwa niaba ya wawili, humwita "huyu". Kliniki wameacha pengo la jina kwenye kadi, na kila mwezi muuguzi huuliza kwa mzaha kama wazazi wameshapatana, au wanasubiri mtoto ajiandikie mwenyewe. Dokta humwambia bado wanafikiria. Wifi, ambaye kwa desturi angekuwa na la kusema, huinama na kumfunga mtoto kiatu.

Tangini swali lile huulizwa kila asubuhi, kwa upole. Wakati mwingine hufuatwa na mapendekezo ya majina. Dokta humwaga ndoo, huita jina moja tu, na hufunika.

Jana alimwaga, akaita, akafunika, kisha akasimama kusubiri. Gesi ilisikika kwenye bomba ikielekea jikoni. Swali halikuja. Alifungua mfuniko tena, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akainama juu ya shimo na kusikiliza, na kwa mara ya kwanza hewa haikuvutwa ndani. Ilitoka, ya joto, taratibu, kama pumzi ya mtu aliyekula akashiba, na hapo akaiacha ndoo ikiviringika uani, akakimbilia gari, akapita taa nyekundu na kumpigia mume wake simu isiyopokelewa, akapanda ngazi za nyumba yake akiwa na ufunguo mkononi na kushindwa kuuingiza, mpaka binti yake alipomfungulia kutoka ndani, kidole mdomoni, akimwashiria anyamaze.

"Mama, sikia," mtoto alinong'ona. "Huyu anaongea na mtu."

Sebuleni, mtoto wa kiume alikuwa amekaa sakafuni, uso umeelekea ukuta mtupu. Alikuwa akinyamaza kidogo, kama anayeitwa kwa jina, kisha anaitika.